Kocha Sikioni: Namna ya Kuanza Tiba ya Mzazi na Mtoto kwa Simu ya Video

Swali ninaloletewa mara nyingi kuliko yote huwa na sura hii: "Mtoto wangu ana miaka minne. Anapiga wenzake, anarusha vyombo, ukimkataza kitu anajigaragaza chini mpaka majirani wanachungulia. Nimesikia kuna tiba ya mtandaoni. Sasa huyu nitamkalisha vipi mbele ya simu amsikilize mtaalamu saa nzima?"

Humkalishi. Katika tiba ninayoieleza hapa, mtoto hana mazungumzo na mtaalamu. Anacheza na wewe, sebuleni kwenu, kwenye mkeka uleule anaougombania na mdogo wake kila siku. Mtaalamu yuko upande wa pili wa simu ya video, anawatazama, na anakunong'oneza wewe sikioni: sema hivi, hilo lipuuze, msifu sasa hivi. Anayefundishwa ni mzazi, na anafundishwa jambo likiwa linatokea.

Inaitwa tiba ya mwingiliano wa mzazi na mtoto, na wataalamu huitaja kwa herufi PCIT. Mwanasaikolojia Sheila Eyberg aliianzisha Oregon, Marekani, miaka ya 1970, kwa ajili ya watoto wa miaka 2 hadi 7. Kocha alikaa nyuma ya kioo cha upande mmoja kliniki, mzazi akiwa na kifaa sikioni. Baadaye Jonathan Comer na wenzake wa Florida waliihamishia nyumbani kwa kamera na intaneti. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2017, wa watoto 40 wenye miaka 3 hadi 5, uliwalinganisha waliofundishwa kwa mtandao na waliokwenda kliniki, na wa mtandao hawakubaki nyuma. Mimi naona ina mantiki: mtoto akifika kliniki mara nyingi hutulia tuli. Vurugu zake ziko nyumbani, mbele ya runinga, sahani ya wali na bibi yake.

Je, inamfaa mtoto wako?

Inamfaa mtoto wa umri huo anayebisha karibu kila agizo, anayepiga, kung'ata, kuvunja vitu au kuangua kilio kikali siku nyingi za wiki, kiasi kwamba nyumbani au shule ya awali mambo hayaendi. Mtoto anayeparamia makochi na kuuliza maswali bila kuchoka ni mtundu tu. Huyo haumwi.

Kabla hujamwita kiburi, mpeleke akapimwe masikio. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu wapo watoto wanaochapwa kwa "kutosikia", na kweli hawasikii: masikio yana maji au usaha, na mama akiita kutoka jikoni sauti haifiki. Mweleze daktari pia kama mtoto amechelewa kuongea, kama anakoroma usiku na kuamka amechoka, au kama kuna nyakati anaduwaa na ukimwita hashtuki.

Kama nyumbani kuna kipigo, au mtoto amewahi kudhalilishwa, mwambie mtaalamu siku ya kwanza. Usalama hutangulia tiba. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda, simu ya kusaidia watoto ni 116, na ni bure.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu janja, kompyuta mpakato au tableti yenye kamera inayoonyesha vizuri.
- Hedifoni, ikiwezekana ya Bluetooth. Vaa upande mmoja tu, sikio la pili libaki wazi kwa mtoto.
- Bando la kutosha. Saa moja ya simu ya video inaweza kula GB moja au zaidi, kutegemea ubora wa picha. Kama kuna Wi-Fi, itumie.
- Chaji kamili, na pawabenki kama umeme kwenu ni wa kukatikakatika.
- Vitu vitatu au vinne vya kuchezea ambavyo havina mshindi na mshindwa: vifuniko vya soda, vikombe vya plastiki vya kupanga, unga wa ngano uliokandwa, kalamu za rangi na karatasi, vigari. Weka kando mpira, bunduki za plastiki, rangi za maji na michezo ya simu.
- Mtu wa kukaa na watoto wengine wakati wa kipindi.
- Kiti kimoja cha kawaida cha mtu mzima. Kazi yake utaiona baadaye.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta mtaalamu, kisha umhoji. Shirika la PCIT International lina orodha ya waliothibitishwa kwenye tovuti yake. Muulize: umefunzwa tiba hii rasmi? Utanielekeza sikioni nikiwa nacheza, au tutaongea tu mimi na wewe? Unakielewa Kiswahili anachoongea mwanangu? Hili la lugha lina uzito, maana kocha asiyeelewa mtoto amesema nini hawezi kukuambia ujibu nini. Ukiwa Marekani, hakikisha ana leseni inayomruhusu kutibu katika jimbo ulipo wewe. Anayeahidi mtoto atabadilika ndani ya wiki moja, muache.

2. Jaza dodoso bila kuficha. Wengi hutumia dodoso la Eyberg lenye vipengele 36 kuhusu tabia za mtoto. Kila kimoja unakipa namba kutoka 1 hadi 7 kwa jinsi kinavyotokea mara kwa mara. Utakuwa ukilijaza tena na tena. Ukipunguza makali kwa aibu, mtaalamu atakosa mahali pa kupimia maendeleo.

3. Pangeni mambo ya dharura na ya siri. Mpe kocha namba ya pili ya simu na mahali hasa mlipo. Kubalianeni: mtandao ukikatika, nani anampigia nani. Uliza kama vipindi vinarekodiwa, nani anaviona na vinafutwa lini. Na wewe usirekodi kilio cha mtoto ukakitupia kwenye kundi la familia la WhatsApp. Picha ile haitafutika, na yeye atakua.

4. Andaa chumba. Hapa ndipo vipindi vingi vya kwanza huharibika, kwa hiyo fanya majaribio siku moja kabla.

Chagua kona moja, si nyumba nzima. Tandika mkeka, toa vitu vya kuvunjika, zima runinga, funga mlango wa nje. Laza simu kwa upana, iegemeze kwenye stuli au ndoo iliyogeuzwa, kwenye kimo cha mtoto aliyekaa, hatua mbili au tatu kutoka mkekani. Dirisha liwe nyuma ya simu. Likiwa nyuma yenu, kocha ataona vivuli viwili vyeusi. Washa hali ya kutosumbuliwa, maana simu ya kawaida ikiingia inaweza kukata video katikati ya jambo muhimu. Kisha ficha picha yenu kwenye skrini, au funika skrini kwa karatasi ukiacha kamera wazi. Mtoto akijiona mle ndani, mchezo umekwisha.

Jaribu sauti. Kama mtoto anamsikia kocha, hedifoni haijaunganika.

5. Jifunze mambo matano ya kufanya na matatu ya kuacha. Hii ndiyo awamu ya kwanza, na ndiyo moyo wa tiba yote. Katika dakika za mchezo mtoto anaongoza, wewe unafuata. Unafanya haya:

*Sifa inayotaja kitendo.* "Safi!" haitoshi. Sema "Asante kwa kunigawia kifuniko" au "Nimependa unavyoongea taratibu." Mtoto ajue hasa alichofanya vizuri, ili akirudie.

*Kurudia maneno yake.* Akisema "Gari langu linaingia gereji," wewe: "Enhe, gari lako linaingia gereji."

*Kuiga mchezo wake.* Akipanga vikombe, panga vyako pembeni, bila kumpita.

*Kueleza anachofanya*, kama mtangazaji wa mpira redioni: "Umechukua kikombe cha bluu. Unakiweka juu ya kile kikubwa."

*Kufurahi naye.* Uso wako, sauti yako. Usicheze huku unawaza mboga jikoni.

Na unaacha haya: kuuliza maswali, kutoa amri, kukosoa. Wazazi hushtuka wakisikia maswali. Ubaya wa swali uko wapi? "Hiki rangi gani? Unajenga nini? Kwa nini kimeanguka?" Kila swali linamnyang'anya mtoto uongozi na kuugeuza mchezo kuwa mtihani. Kwa sisi tunaoongea Kiswahili kuna mtego zaidi: "Unajenga nyumba" huwa swali kwa kupandisha sauti mwishoni tu. Kwa hiyo shusha sauti unapomaliza sentensi, na usibandike "eeh?" wala "si ndiyo?" Kocha atalikamata hili mara nyingi mwanzoni. Ni kawaida.

Kukosoa ni pamoja na "siyo hivyo", "acha ujinga" na "mbona mwenzio anaweza".

6. Fanya dakika tano kila siku. Tano, si arobaini. Saa ileile kama inawezekana: baada ya uji, au kabla ya kuoga jioni. Mtu mzima mmoja na mtoto mmoja. Mwambie: "Huu ni muda wetu wa kucheza. Utachagua tucheze nini." Zikiisha, maliza kwa upole.

Onyo: usiziondoe dakika hizi kama adhabu. "Umempiga dada, leo hatuchezi" ni kosa ninaloliona kwa wazazi wazuri kabisa. Siku aliyoharibu ndiyo anayozihitaji zaidi.

7. Kaa na kocha. Vipindi huwa mara moja kwa wiki, kama saa nzima. Mwanzoni kocha hunyamaza dakika tano akihesabu unachosema, halafu anaanza kukuelekeza. Lengo la awamu hii ni hili: ndani ya dakika tano utoe sifa 10 zinazotaja kitendo, urudie maneno ya mtoto mara 10, ueleze matendo yake mara 10, na maswali, amri na ukosoaji kwa jumla visizidi 3. Ukifika hapo unavuka kwenda awamu ya pili. Ndiyo maana hakuna anayeweza kukutajia tarehe ya kumaliza. Familia nyingi humaliza kati ya vipindi 12 na 20.

Usimjibu kocha kwa sauti mtoto akiwepo. Yeye akisema "msifu kwa kusubiri", wewe mgeukie mtoto: "Hongera kwa kusubiri zamu yako." Basi.

8. Puuza kwa makusudi. Akilalamika kwa kudeka, akipiga kelele, akikutolea ulimi: geuza uso, cheza na vitu vyako, usiseme neno. Mara tu anaposhusha sauti, rudi haraka na sifa: "Umeongea kwa sauti ya kawaida, nimefurahi." Kupuuza bila kurudi ni kumsusia mtoto tu, na hakumfundishi kitu.

Kupiga, kung'ata, kuvunja na kukimbilia barabarani havipuuzwi. Hapo mchezo unasimama papo hapo na unamlinda.

Jiandae: ukianza kupuuza, kelele huzidi kwanza. Mtoto anajaribu kama njia yake ya zamani bado inafanya kazi. Ukikubali kwa kuchoka dakika ya kumi, umemfundisha kwamba dakika kumi za kulia ndiyo bei.

9. Sasa amri. Awamu ya pili inafundisha kutii. Amri nzuri ni moja, fupi, inasema la kufanya, na inasemwa kwa sauti tulivu: "Tafadhali weka gari kwenye kapu." Linganisha na hizi: "Hebu kuwa na adabu" (afanye nini hasa?), "Tukusanye vitu" (mimi au wewe?), "Utaoga?" (hapana!), "Toa viatu, nawa, kaa, kula" (ameshasahau ya kwanza). Toa amri pale tu unapohitaji na uko tayari kuifuatilia.

Ukishatamka, nyamaza kimoyomoyo ukihesabu mpaka tano. Usirudie. Akitii, msifu: "Asante kwa kutii haraka."

10. Kiti, mkiwa na kocha. Asipotii, onyo moja: "Usipoweka gari kwenye kapu, utakaa kwenye kiti." Hesabu tano tena. Akikataa, anakwenda kitini kwa dakika 3, na sekunde 5 za mwisho awe kimya. Hapewi hotuba, hatazamwi, hachekwi. Kisha unamuuliza kama yuko tayari kuweka gari kwenye kapu, na anarudi kwenye agizo lilelile. Kiti hakimfutii agizo. Akishatii mnarudi kucheza.

Narudia: hatua hii usiianze peke yako kwa kuisoma hapa. Siku ya kwanza ya kiti huwa ngumu, mtoto anaweza kushuka tena na tena, na hapo ndipo sauti ya kocha sikioni inakuzuia usifoke wala usimkwide. Muulize mapema utafanya nini mtoto akigoma kukaa. Hakuna chumba cha giza, hakuna kufungiwa stoo, hakuna fimbo. Kama mtoto amepitia ukatili, kocha atabadilisha sehemu hii.

Wanaoruka hatua ya 5 na 6 wakakimbilia kiti wanapata adhabu mpya tu. Mtoto asiyefurahia kuwa karibu nawe hapotezi kitu ukimweka mbali.

11. Toka nje kidogo kidogo. Sheria zikishaeleweka nyumbani, zipeleke dukani, kanisani au msikitini, kwenye daladala. Mwambie kabla ya kutoka unachotarajia, kwa maneno machache, na msifu njiani, si mkifika tu.

Yakikwama

*Mtoto anaifuata simu.* Usiikimbize wala kuificha mfukoni. Puuza, na ufanye mchezo wako uwe mtamu zaidi. Akiishika, iweke juu zaidi, nje ya mkono wake. Siku ya kwanza kocha anaweza kumsalimia, kisha akanyamaza.

*Anasema "usiongee hivyo, unaongea kama roboti."* Kweli, mwanzoni unasikika hivyo. Punguza kidogo kueleza matendo, ongeza kucheka naye. Ugeni utaisha.

*Mtandao unakata kila mara.* Zima vifaa vingine, sogea karibu na Wi-Fi, muombe kocha azime video yake. Unachohitaji kutoka kwake ni sauti. Ikishindikana kabisa, pigianeni simu ya kawaida ukiwa umevaa hedifoni, au hamisheni kipindi.

*Bibi anasema mnamdekeza.* Atakwambia samaki mkunje angali mbichi, naye ana haki ya kusema, amelea. Usibishane naye mbele ya mtoto. Mwombe akae pembeni, kimya, aangalie kipindi kimoja cha hatua ya 9, aone mjukuu anavyotii bila kuguswa. Dada wa kazi pia afundishwe sifa zinazotaja kitendo na amri fupi, maana ndiye anayeshinda na mtoto. Nyumba yenye sheria tatu tofauti inamchanganya mtoto wa miaka mitatu.

*Baba yuko mbali, Muscat au Minneapolis.* Anaweza kuingia kwenye kipindi kusikiliza, kamera na maiki vikiwa vimezimwa, na akirudi likizo afanye dakika zake tano. Asitumiwe kama askari wa simu: "Subiri nimpigie baba yako."

*Namba kwenye dodoso hazishuki.* Muonyeshe kocha kumbukumbu yako ya dakika tano za kila siku. Kama ina mapengo mengi, anzeni hapo. Kama umefanya karibu kila siku na bado hakuna badiliko, omba mtoto achunguzwe upya: kusikia, lugha, usingizi, usonji, hofu.

*Wewe mwenyewe umechoka, unalia baada ya vipindi.* Mwambie kocha wazi. Mzazi mwenye msongo au sonona anahitaji msaada wake mwenyewe, na kuuomba hakumtoi mtoto kwenye tiba.

*Mtoto anajiumiza, anamkaba mdogo wake, au ghafla amepoteza maneno aliyokuwa nayo.* Usisubiri kipindi cha wiki ijayo. Mpigie kocha siku hiyohiyo na umpeleke hospitali, ukiwa na dodoso na maelezo ya lini ilianza.